Waliomtangulia Kiden

Mpishi Waiswa ndiye aliyeuwasha moto huu, na aliuwasha huku anakaanga mayai ya wageni.

Bilha alikuwa ameingia jikoni kutafuta siki ya kusafishia vioo. Alikuwa msimamizi wa usafi katika hoteli moja ya makontena pale Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege wa Juba, na asubuhi hiyo furaha ilikuwa imemjaa mpaka anashindwa kuificha. Kesho yake angepanda ndege kwenda Kenya na mchumba wake, Lako, pamoja na Kiden, binti wa Lako mwenye miaka saba. Wangepita Nyahururu kwa wazazi wa Bilha, halafu wateremke pwani, wapelekwe kwa boti mpaka kwenye matumbawe, wavae miwani ya maji na kuwatazama samaki nyumbani kwao. Lilikuwa wazo la Lako. Alitaka wajifunze kuwa familia kabla ya mwezi wa kumi na mbili, ambapo wangefunga ndoa. Tangazo la kwanza lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani, na mchungaji alipouliza kama kuna mwenye kujua kizuizi chochote, watu walikohoa tu.

"Na huyo mutoto anaitwa nani?" Waiswa akauliza.

"Kiden."

"Eh! Na kaka zake, hamuendi nao?"

"Kaka gani? Yuko peke yake. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga."

Waiswa akageuza mayai taratibu, kama mtu anayepima kama aseme au anyamaze. Akasema. "Madam, mimi naitwa Waiswa. Kwetu Busoga ukisikia Waiswa, unauliza, na Tenywa iko wapi? Sababu Waiswa ni pacha ya kwanza, na Tenywa ndiyo inamufuata. Hakuna Waiswa alizaliwa peke yake. Sasa hawa Bari pia iko na yao. Kiden ni musichana yenye imekuja nyuma ya vijana. Vijana wawili, vijana watatu, halafu musichana. Mutoto wa kwanza huwezi kuita Kiden, watu watakucheka."

Bilha akacheka yeye, akachukua siki yake, akatoka. Lakini hakwenda kwenye vioo. Alikwenda mpaka langoni kwa mlinzi, mzee wa Kibari, akamwuliza habari za jina hilo kwa sauti ya mtu anayeuliza saa. Mlinzi akamjibu vilevile: wavulana mbele, Kiden nyuma, ndivyo walivyofanya baba zetu.

Sasa, Bilha si mtu wa kuambiwa jambo kama hilo kisha akalala usingizi. Kazi yake ilikuwa kuingia chumbani mgeni akitoka na kujua kila kitu kilichofanyika humo. Mgeni akisema amelala peke yake, Bilha hutazama mto wa pili. Akisema glasi ilivunjika yenyewe, Bilha hutazama ukuta. Wafanyakazi walimwita Polisi, si kwa kumsifu, naye alijua na hakujali. Na mtu huyu mwenye macho hayo alikuwa amekaa na Lako karibu miaka miwili, akala naye, akacheka naye, akamsuka Kiden nywele kila Jumapili, asijue kwamba jina la mtoto peke yake lilikuwa linasema jambo ambalo baba yake hakulisema.

Wavulana wenyewe hawakumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba wavulana hawajipikii. Palipo na watoto waliofichwa pana mwanamke anayewapikia, na mwanamke huyo akiwa ni mama yao, basi marehemu aliyeliliwa mbele ya Bilha yuko hai mahali fulani, anachekecha unga. Bilha angesimama mbele ya madhabahu na kuwa mke wa pili bila kujua, mbele ya baba yake na mama yake waliokuwa wamekwisha kushona nguo.

Kwa nini hakumwuliza Lako siku ileile? Kwa sababu mtu ukimwuliza unampa nafasi ya kujipanga. Bilha aliamua kujitia hamnazo na kutazama.

Akatazama Juba uwanjani, Lako alipojitenga kupokea simu yake ya laini ya Uganda na kusema Kibari kwa sauti ya chini. Akatazama Nyahururu, baba yake alipompenda mkwe mtarajiwa mara moja, hasa aliposikia kwamba ni mtu aliyekulia ukimbizini huko Uganda, akarudi kwao baada ya mkataba wa amani na kufungua duka la saruji na mabati Gumbo, ng'ambo ya daraja la mto, kando ya barabara ya Nimule iendayo Uganda. "Mtu wa kazi," mzee alisema. Bilha akatabasamu, lakini akilini alikuwa anafika kwenye duka hilo. Hakuwahi kulikanyaga. Kila akitaka kwenda, Lako alisema kuna vumbi, kuna malori, hapafai. Na jioni nyingi alirudi Gurei kwake akiwa amechelewa, akisema mzigo haujapakuliwa. Mzigo gani huo usiokwisha?

Akatazama Watamu pia, walipofika na kupanga vyumba viwili, yeye na Kiden kimoja, Lako kingine, maana Bilha alikuwa na msimamo wake. Asubuhi ya safari ya matumbawe walipita kwenye kibanda cha ufukweni, na Lako akanunua fulana mbili zenye picha ya kasa. Hazikuwa za Kiden. Aliziviringisha haraka, akazisukuma chini kabisa ya begi.

"Za nani hizo?" Bilha akauliza.

"Za watoto ya dukani. Wanasaidia kupakua."

 Bilha amekunja nguo za watu miaka tisa. Saizi anaijua kwa jicho. Moja ilikuwa ya mvulana wa miaka kumi, nyingine ya miaka kumi na miwili. Tangu lini mifuko ya saruji ikapakuliwa na watoto wa darasa la nne? Moyo ukamshuka mpaka miguuni, na miguu ikaendelea kutembea kwenye mchanga kwa sababu haikuwa na lingine la kufanya.

Boti yao ilikuwa na kioo sakafuni. Nahodha wake, Charo, alikuwa kijana mchangamfu aliyewaita wateja wote mama na baba. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari imetulia. Walipofika nje kidogo rangi ya maji ikabadilika, na chini ya kioo yakaanza kupita matumbawe, mengine mviringo, mengine yamesimama matawi matawi. Kiden alilala kifudifudi juu ya kioo akipiga kelele kila samaki akipita. Lako naye aligeuka kijivu. Mtu huyu anayebeba mifuko ya saruji miwili kwa mpigo hakuweza kuvumilia boti kuyumba.

"Baba, nyonya hili," Charo akampa limau. "Usitazame chini. Tazama kule nchi kavu."

Halafu akatoa vifaa: miwani ya maji, mirija ya kupumulia, jaketi za kuelea. Bilha akaushika mrija wake kwa vidole viwili.

"Umeingia vinywa vya watu wangapi huu?"

"Tumesuuza, mama."

"Mmesuuza kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Kwa maji gani?"

Charo akaonyesha bahari. Bilha akafungua mkoba wake, akatoa dawa ya meno na mswaki wa zamani aliobeba kwa kazi kama hizo, akaisugua mirija miwili mpaka povu likatoka upande wa pili. Charo alicheka hadi akaegemea injini. Hata Lako akatabasamu na limau lake mdomoni, na kwa muda huo mdogo Bilha akampenda kama zamani, jambo lililomuudhi zaidi.

"Mkishuka shikeni boya, limefungwa kwenye boti," Charo akaagiza. "Na msikanyage matumbawe, mama. Ni viumbe hai hivyo. Ukikanyaga unaua, na vyenyewe vitakukata."

Bilha aliteremka ngazi akiwa amefumba macho na kumwita Mungu kwa Kikuyu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Akaweka uso ndani, akavuta pumzi kupitia ule mrija wenye ladha ya dawa ya meno, akafumbua macho.

Ni lazima tuseme ukweli: alisahau kila kitu. Alimsahau Waiswa na mayai yake, akalisahau jina, akazisahau fulana. Chini yake palikuwa na samaki wa manjano wenye mistari myeusi, wanageuka wote pamoja kama walioamrishwa. Pono mkubwa wa rangi ya samawati alikuwa anaguguna jiwe, na mlio wa kuguguna ukasikika masikioni mwake kabisa. Kulikuwa na mwanga unaotembea juu ya mchanga. Bilha, mtoto wa nchi ya baridi na viazi, alilia ndani ya miwani, na hakujua kwamba ukilia humo hakuna pa kupangusa. Ikabidi ainue kichwa ayamwage.

Hapo ndipo alipomwona Kiden.

Mtoto alikuwa ameliacha boya. Alikuwa anaogelea. Hakuwa anatapatapa kama watoto wa wageni kwenye bwawa la hoteli. Alikuwa analala juu ya maji kwa utulivu, miguu inapiga polepole, anazunguka, anarudi. Alikuwa amekwisha kuzoea maji kabla ya siku hiyo, tena muda mrefu. Kule Gurei anakoishi na baba yake maji huletwa kwa tangi, na yakijaa ndoo watu hushukuru.

Bilha akamwita. Kiden akaja, akashika boya, akasukuma miwani juu ya paji la uso, anacheka.

"Umejua kuogelea vizuri hivyo, mama. Nani alikufundisha?"

"Romano."

"Romano ni nani?"

Kicheko kikazimika. Mtoto akaziba mdomo kwa mkono wenye maji, macho yake yakaenda kwenye boti, ambapo baba yake alikuwa amekaa ametazama nchi kavu kama alivyoagizwa.

 Bilha akajua kwamba akimkaripia mtoto, mlango utafungwa. Akalainisha sauti.

"Huwezi kuniambia?"

"Baba alisema nisisema nyumbani, Anti. Si kwa nyumba, si kwa kanisa, si kwa shule."

"Sawa. Lazima umtii baba." Akaacha wimbi dogo lipite. "Lakini, Kiden, hapa tulipo ni nyumbani?"

Kiden akatazama upande huu, maji. Akatazama upande ule, maji. Akafikiri kwa uaminifu wote wa miaka saba.

"Hapana."

"Ni kanisani?"

"Hapana."

"Ni shule?"

"Hapana!" Na uso wake ukafunguka, maana alikuwa amechoka kukibeba kitu hicho. "Romano ni kaka yangu mkubwa. Na Linus ni kaka yangu ule mwingine. Wanakaa kwa haboba, mama ya mama, kule Gumbo. Romano alinishika hapa," akajigusa tumbo, "akaniambia piga miguu. Maji ya Gumbo ni ya brauni, huoni samaki. Romano akiona hii maji atalia."

"Na mama? Mama naye anakaa Gumbo?"

Kiden akamtazama kwa mshangao. "Mama alikufa, Anti. Si unajua?"

Alijua. Aliambiwa. Lakini mtoto naye alikuwa ameambiwa, na mtu aliyeweza kumfunga mtoto mdomo angeshindwa kumfunga na macho? Bilha aliona aibu kuwaza hivyo, na bado akawaza. Pia alijiona mwizi kidogo, kwa jinsi alivyomtoa mtoto siri yake. Akamrudishia miwani machoni, akamwambia aende akaogelee.

Mchana Charo aliwapeleka kwenye fungu la mchanga, akawasha makaa na kuwabanikia samaki. Kiden alikula kwa mikono miwili, kisha akaenda kutafuta kaa kandokando ya maji. Charo, ambaye alikuwa na akili za kutosha, akakumbuka kwamba kamba ya nanga inahitaji kutazamwa.

"Romano na Linus," Bilha akasema. "Hujambo, Baba Kiden?"

Lako hakujitetea. Aliweka samaki chini, akafuta mikono kwenye mchanga, akaifuta tena. "Umejua lini?"

"Majina nimeyajua leo. Kwamba wapo nimejua kabla hatujaondoka Juba. Mji mzima unajua! Mpishi anajua, mlinzi anajua, kila Mbari anayesikia mtoto anaitwa Kiden anajua. Mimi peke yangu ndiye mjinga. Kwa nini?"

"Wewe ulisema, Bilha."

"Nilisema nini?"

"Ile siku ya kwanza. Mimi nilileta mabati hapo hoteli kwenu. Tukakunywa chai. Ukaniuliza kama mimi iko na watoto. Nikasema ndiyo, iko. Kabla sijasema ngapi, wewe ukacheka. Ukasema, mtoto mmoja ninaweza kumpenda kama wangu, lakini wakizidi hapo tafuta matroni wa bweni." "Mimi nikasema ni moja. Nikasema jina ya ule mudogo."

Bilha akataka kukana, akashindwa. Alikumbuka mpaka kikombe. Alikuwa ameyasema kwa maringo, kama mzaha wa mwanamke anayejua anatazamwa. Ulikuwa mzaha na haukuwa mzaha: yeye ni kifungua mimba wa watoto saba, aliwafulia wadogo zake nepi mpaka akaota sugu, na alikuwa ameapa kwamba hatakuwa yaya tena maishani. Lakini maneno yale aliyatupa tu mezani, akayasahau kabla chai haijapoa. Kumbe huyu aliyaokota, akayaweka.

"Miaka miwili, Lako! Hukupata siku moja ya kuniambia?"

"Nilingoja siku muzuri. Halafu siku muzuri ikikuja, naona niiache tu ikae muzuri. Nikasema baada ya harusi. Baada ya harusi nitakuambia."

"Baada ya kunifunga kamba."

Lako akaanza kukizika kichwa cha samaki mchangani.

"Na mama yao?"

"Alikufa. Kule kambi ya Adjumani, Uganda. Kiden bado ananyonya."

"Hata watoto ulisema ni mmoja," Bilha akasema.

Neno hilo lilimpata Lako usoni. Bilha akaona machozi yamemjaa, akayakagua hata hayo kama ni ya kweli.  Ilimuuma zaidi kwamba asingeweza tena kumwamini hata akisema kweli.

"Sikiliza," akasema. "Tukirudi utamwambia mchungaji asisome tangazo la pili. Mimi nitavuka daraja niende Gumbo mwenyewe. Bila wewe. Siku nitakayotaka. Na usiwapigie simu, usimtume mtu, usiwapange. Ukiwapanga nitajua, na hapo tumemalizana."

"Sitapiga," Lako akasema.

Walirudi ufukweni bila kuzungumza, isipokuwa Kiden, aliyemweleza Charo njia nzima jinsi pono anavyokula mawe.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi Juba, Bilha alimaliza zamu, akapanda bodaboda. Hakuvaa sare. Alivuka daraja akiwa ameuma meno, malori ya Nimule yanamtimulia vumbi, huku anapanga maswali: wanakula nini, nani anapika, nani huja usiku, kaburi la mama liko wapi. Dukani kwa Lako hakusimama. Aliuliza kwa muuza mkaa nyumba ya haboba anayekaa na wajukuu Romano na Linus, akaonyeshwa uzio wa matete, nyumba mbili za udongo, uwanja uliofagiliwa.

Uwanja ulimshangaza. Ulikuwa umefagiliwa vizuri kuliko korido zake za hoteli. Kwenye kamba ya nguo yalianikwa mashati mawili ya shule, gauni moja kuukuu la bibi, na kitenge cha bibi. Alitafuta kwa macho nguo ya mwanamke kijana. Hakuna. Akatazama viatu mlangoni. Vya watoto, na ndara moja pana iliyopasuka kisigino. Akajichukia, lakini alimaliza kutazama.

Wavulana wawili walikuwa wanamimina maji kutoka kwenye jerikani kwenda kwenye pipa. Walipogeuka, hakukuwa na haja ya kuuliza lolote. Paji lile la uso lilikuwa la Lako, mara mbili.

"Haboba ameenda soko," mkubwa akasema. Alimtazama nywele, akatazama mkoba, akasikia salamu yake ya Kikenya, na kitu kikajifunga usoni mwake. Lakini alikuwa amelelewa. Akaleta kiti, akakipangusa kwa mkono. Mdogo akaleta maji kwenye kikombe juu ya kisahani, akampa kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

Bilha akakishika kikombe. Maswali yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamempotea. Akachagua jepesi kuliko yote, la kuwafungulia mlango tu, waseme wenyewe, ili naye awaambie kwamba anajua.

"Ninyi ni watoto wa nani?"

Mkubwa, Romano, akasimama wima kama aliyeitwa mbele ya darasa. "Sisi iko watoto ya jirani," akasema.

Alikuwa amefundishwa hilo na akalihifadhi; lilitoka bila kukwama. Kwa hiyo Lako alikuwa ametimiza ahadi, hakupiga simu, hakutuma mtu. Hawa walikuwa bado wanalinda amri ya zamani, iliyowekwa kwa ajili ya siku ambayo mwanamke wa Kenya angetokea. Bilha aliyekuja kuwinda uongo alikuwa ameupata, umo kinywani mwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na ulikuwa umewekwa humo kwa ajili yake.

"Jirani gani?"

Romano akanyoosha kidole upande wa uzio. Kule kulikuwa na mbuzi.

"Na huyo jirani anaitwa nani?"

 Romano akatazama lango kama haboba angetokea amwokoe. Linus, mdogo, aliyekuwa bado ameshika kisahani, akamtazama kaka yake, akamtazama mgeni, akaona swali limekaa muda mrefu bila jibu na kwamba si adabu.

"Baba," akasema.

Kaka yake akamgeukia kwa hasira, akamvuta mkono mpaka kisahani kikaanguka. Alisema kwa kunong'ona, lakini kwa hofu aliyokuwa nayo kunong'ona kwake kukawa kukubwa. "Nyamaza! Ukisema, atakataa Kiden pia!"

Kikombe kikamwinamia Bilha mkononi. Maji yakamwagikia goti, asiyapanguse. Hawa hawakuwa wanamlinda baba yao. Walikuwa wamekubali kuwa watoto wa jirani ili dada yao apate mama, wakaifanya kazi hiyo miaka miwili, bila mtu kuwashukuru.

"Sitamkataa Kiden," akasema. "Sitakataa mtu."

Romano akatikisa kichwa. Hakumwamini hata kidogo. "Sisi iko ya jirani," akarudia, huku anaokota kisahani. "Kiden ndiyo ya baba. Kiden iko moja tu."

Bilha alitaka kumshika, akaona kwamba akinyoosha mkono mtoto atarudi nyuma. Basi akakaa. Akanywa maji yaliyobaki, yote, polepole, mgeni anavyopaswa kunywa maji aliyopewa, akamrudishia Linus kikombe kwa mikono miwili.

"Nenda dukani," akamwambia Romano. "Mwite jirani. Mwambie Bilha yuko hapa, anamngoja, na haondoki."

Romano hakusogea. "Akikuja, utamwambia tulisema?"

"Nitamwambia mlikataa katakata," Bilha akasema.

Mtoto akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaenda, na kila hatua chache akageuka kuona kama bado amekaa.